Wanaokula chini ya mtama: nematodi wa mashamba ya Lindi na Mtwara

Mwezi wa pili ukiwa katikati na mvua za Kusini zimeshika, pita kwenye mashamba ya mahindi kati ya Nachingwea na Masasi uangalie rangi. Mara nyingi utakuta shamba la kijani lenye mabaka. Hapa kuna duara la mimea mifupi yenye majani ya njano, na hatua kumi kutoka hapo mahindi yamesimama kifua mbele. Mbegu ni ile ile, mvua ni ile ile, na waliopalilia ni wale wale. Ukimwuliza mwenye shamba, atajibu kwa neno moja: "Pamechoka hapo."

Ardhi huchoshwa na mengi. Naitrojeni inaweza kuwa imeisha, tindikali inaweza kuwa imezidi, au kiduha kimejishikiza kwenye mizizi kikinyonya. Kiduha angalau kina adabu ya kujionyesha, maana baada ya wiki kadhaa maua yake mekundu yanatokeza na mkulima anajua anapigana na nani. Lakini yapo mabaka ambayo ukiyang'oa mahindi yake huoni kiduha, huoni mchwa, huoni funza. Unaona mizizi michache tu, yenye madoa ya kahawia, kama iliyochemshwa kidogo. Hapo ndipo bwana shamba mwenye uzoefu atasema huenda kuna minyoo ya udongoni, yaani nematodi.

Neno minyoo lina historia yake pwani ya Kusini. Matende na mabusha, yaliyowatesa watu wa Lindi na Mtwara kwa vizazi, huletwa na nematodi anayesafirishwa na mbu. Safura huletwa na nematodi anayepenya unyayo wa mtu anayetembea peku. Watoto wetu wamemezeshwa vidonge vya minyoo shuleni. Ndiyo maana mkulima akiambiwa shamba lake lina minyoo, swali lake la kwanza ni dawa gani auziwe. Ni swali la haki kabisa, ila limeruka hatua. Shamba lenye mtama mzuri kuliko yote kijijini nalo limejaa nematodi, pengine kuliko hilo lililochoka. Kinachoyatofautisha ni nematodi gani wapo, na wanakula nini.

Nematodi wa udongoni ni mdogo mno. Wengi wana urefu wa chini ya milimita moja na ni wembamba kuliko unywele. Hana miguu, hana macho ya kuona kama yetu, na mwili wake ni kama mrija ndani ya mrija: ngozi nje, utumbo ndani. Anaishi ndani ya maji hata pale tunapodhani hakuna maji, yaani katika utando mwembamba wa unyevu unaozunguka chembe za mchanga. Kwa hesabu ya wanasayansi, katika kila wanyama watano duniani wanne ni nematodi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliokusanya sampuli 6,759 za udongo kutoka mabara yote, ukakadiria kuwa tabaka la juu la udongo wa dunia lina nematodi wapatao bilioni 57 kwa kila mtu aliye hai. Uzito wao kwa pamoja ulikadiriwa kuwa tani milioni 300.

Katika utafiti huo kuna jambo linalotuhusu sisi wa nchi za joto. Ungedhani wamejazana kwetu, kama walivyo wadudu na ndege. Sivyo. Wengi zaidi wako kwenye misitu na nyika za baridi kaskazini mwa dunia, ambako majani na mizizi iliyokufa huoza polepole na kurundikana ardhini. Nematodi hufuata chakula, na chakula chao cha msingi kinatokana na mabaki hayo. Sasa fikiria kichanga chekundu cha uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba: maji yanazama upesi, majani yanaoza upesi, na mengine yanachomwa moto kabla hayajaoza. Mezani pana chakula kidogo. Katika udongo wa namna hiyo kila mlaji ana uzito wake, na mmoja akiondoka pengo linaonekana.

Twende kwenye midomo, maana mtaalamu wa nematodi akiinama kwenye hadubini huanza kuangalia mdomo kabla ya kitu kingine chochote. Wapo wenye mdomo ulio wazi kama mrija wa kunyonyea soda, ambao humeza bakteria mchana na usiku. Katika kundi hili kuna ukoo mmoja unaopenda udongo mkavu wa kichanga, na baadhi yao wana mapambo kichwani yaliyochanuka kama taji la shada. Ukimwona mmoja kwa mara ya kwanza utaona aibu kumwita mnyoo. Wapo wenye sindano nyembamba mdomoni, wanaotoboa nyuzi za kuvu na kufyonza utomvu wake. Wapo wenye sindano nene zaidi, hawa ndio wanaotoboa mizizi. Wapo wenye jino, wanaowinda nematodi wenzao na kuwameza au kuwararua. Halafu kuna kundi la wakubwa, wenye sindano kama mkuki uliotobolewa katikati, ambao hula karibu kila wanachokutana nacho, kuanzia mwani na kuvu hadi mayai ya wenzao.

Na wao wenyewe wanaliwa. Kuna kuvu wanaofuma vitanzi na nyavu za kunata udongoni, nematodi akipita ananaswa, kisha nyuzi za kuvu zinaota ndani ya mwili wake. Mtego wa ndege tuliotega utotoni haukuzidi huo kwa ufundi.

Kuna nematodi wengine tena wasioshughulika na mmea kabisa. Wanaingia ndani ya mwili wa kiwavi au buu aliye udongoni na kumwachia bakteria waliowabeba tumboni. Katika siku moja au mbili buu amekufa, nao wanazaliana ndani ya mzoga. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa nchini mwaka 2017, hushuka ardhini kugeuka kuwa mabuu bwete. Huko chini ndiko maadui wa aina hii walipo. Watafiti wa nchi kadhaa wanawajaribu kama silaha ya shambani, na hata bila maabara wapo wa asili wanaofanya kazi hiyo kimya kimya.

Turudi kwa wala bakteria, kwa sababu ndio wanaolisha mahindi, ingawa hawaonekani wala hawasifiwi. Jani linapoanguka, bakteria hulivamia na kujichukulia naitrojeni iliyomo. Naitrojeni hiyo sasa imefungwa ndani ya bakteria, na mhindi hauwezi kuifikia, kama fedha iliyo kwenye kibubu cha mtu mwingine. Anakuja nematodi na kumeza bakteria kwa maelfu. Mwili wa bakteria una naitrojeni nyingi kuliko anayoihitaji nematodi kwa kiasi cha kaboni anachokula, na sehemu ya kaboni yenyewe anaitumia kupumua. Ziada ya naitrojeni anaitoa nje kama amonia, hapo hapo kando ya mzizi, nao mzizi unaichukua. Yaani kibubu kimevunjwa. Ukiwaondoa hawa, mboji yako itaoza, lakini sehemu kubwa zaidi ya mbolea yake itabaki imefungwa wakati mahindi yanaihitaji. Basi mtu anayetamani udongo "usio na minyoo" anatamani shamba lenye njaa.

Wabaya kweli wapo, wala sitawatetea. Kwa nafaka zetu za nchi kavu, mahindi na mtama, anayejulikana sana ni yule anayetembea ndani ya mzizi akila seli moja baada ya nyingine na kuacha vidonda nyuma yake. Kitaalamu anaitwa Pratylenchus. Vidonda hivyo hugeuka madoa ya kahawia, kisha kuvu waozeshaji huingia humo kama wezi wanaopita mlango uliovunjwa na mwingine. Juu ya ardhi, mmea unaonekana kama una kiu au njaa. Ndiyo sababu anapona lawama miaka yote: tunalaumu mvua, tunalaumu mbolea, tunalaumu mbegu ya dukani.

Wa pili ni minyoofundo, Meloidogyne, anayejulikana zaidi na wakulima wa nyanya kwa yale mafundo mizizini. Jike mmoja hutaga mayai mamia kwenye ute anaouacha juu ya mzizi, na kwa joto la kwetu mzunguko mzima wa maisha yake huchukua kama wiki tatu hadi nne. Ujanja wake uko hapa. Kwenye mahindi anaweza kuzaliana vizuri tu na mafundo yakawa madogo mno, au yasionekane kabisa. Mkulima anavuna magunia yake, pengine pungufu kidogo, anaridhika. Mwaka unaofuata analima nyanya au bamia pale pale, zinanyauka, na anasema nyanya zimeleta ugonjwa. Kumbe mahindi ndiyo yaliyomlea mgeni. Kunde nazo humkaribisha vizuri, na wengi wetu tunazichanganya na mahindi kila msimu.

Mabondeni mambo ni mengine. Kwenye mpunga unaokaa ndani ya maji, kama kwenye mabonde ya Ruvuma na Lukuledi yanapofurika, nematodi wengi wa nchi kavu hushindwa kwa kukosa hewa. Lakini yupo mmoja, Hirschmanniella, aliyezoea matope, na katika nchi nyingi zinazolima mpunga wa maji ndiye mkazi wa kawaida wa mizizi yake.

Sasa tunafika kwenye neno ambalo wataalamu hulitumia sana na wakulima hulisikia kama kelele: bioanuwai. Watu wengi huelewa kuwa ni idadi ya spishi, zikiwa nyingi ni vizuri. Kwa nematodi hesabu hiyo peke yake haitoshi, maana unaweza kuwa na spishi ishirini na zote zikawa zinatoboa mizizi. Mwaka 1990 Mholanzi mmoja, Tom Bongers, alipendekeza njia nyingine ya kuhesabu. Aliwapanga nematodi kwa ngazi 1 hadi 5 kufuatana na mwenendo wa maisha yao. Ngazi ya 1 ni wale wanaozaliana haraka penye chakula kingi na kutoweka chakula kikiisha. Ngazi ya 5 ni wakubwa wanaokua polepole, wanaotaga mayai machache, na wanaokufa upesi udongo ukivurugwa au ukiingiwa na sumu. Ukipiga wastani wa wote uliowakuta, bila kuwaingiza wale wanaokula mizizi, unapata namba moja inayokueleza shamba limetulia au limetikiswa.

Nimewahi kuifikiria namba hiyo kwa mfano wa mji. Mji ulioanza jana kwa sababu ya mgodi una wachuuzi, bodaboda na vibanda vya chipsi. Hao ni ngazi ya 1 na ya 2. Mji wa zamani una hao pia, lakini una mafundi cherehani, masonara, wakunga na mashehe. Ukibomoa mji leo, wachuuzi watarudi wiki ijayo. Masonara hawarudi upesi hivyo.

Kwa kipimo hicho shamba linasimulia lililofanyiwa. Ukimwaga samadi mbichi, baada ya siku chache tu ngazi ya 1 inalipuka kwa wingi, kisha inapungua na kuwapisha wa ngazi ya 2. Ukitifua kwa trekta mwaka baada ya mwaka, wala vyote wakubwa na wawindaji wanapungua. Naitrojeni ya dukani ikimwagwa nyingi mno, amonia yake inawaumiza wale wale. Moto unaopitishwa shambani kabla ya mvua hauui wengi wa chini, kwani joto halishuki sana, lakini unachukua chakula chao cha mwaka mzima na kukigeuza moshi.

Kwa wenye mikorosho liko na jambo la salfa. Tunaipuliza dhidi ya ubwiriunga, na sehemu yake inaanguka chini ambako bakteria huigeuza kuwa tindikali. Kidogo kidogo, kwa miaka, udongo chini ya mikorosho unakuwa mchachu zaidi. Uchachu huwapunguza bakteria na kuwapa nafasi kuvu, na walaji hubadilika kufuata chakula. Anayepanda mahindi au mtama katikati ya mikorosho yake haandai meza sawa na jirani aliye kwenye shamba tupu, hata kama uzio ni mmoja.

Kupanda zao moja pale pale bila kupumzisha ndiko kunakowapa wala mizizi ushindi. Si lazima eneo liwe kubwa. Nachingwea inakumbukwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, wenye matrekta, reli na bandari ya Mtwara nyuma yake, na hadi leo tunausimulia kwa kicheko. Lakini robo eka ya mahindi juu ya mahindi kwa miaka kumi ni mradi ule ule kwa kimo cha jembe la mkono.

Kiangazi chetu nacho kina sehemu yake. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja mvua hakuna, kichanga kinakauka hadi vumbi, na mtu angedhani kila kilicho laini kimekufa. Nematodi wengi hujikunja kama kamba iliyohifadhiwa, wanapoteza karibu maji yote ya mwilini na kusimamisha maisha. Jambo hili lilionekana kwanza kwenye nafaka. Mwaka 1743 padri Mwingereza, John Needham, alipasua punje za ngano zilizosinyaa, akakuta ndani nyuzi nyeupe kavu. Alipozitilia maji zikaanza kujinyonganyonga. Alikuwa amemwona nematodi wa mimea kabla ya mtu yeyote kuandika habari zake, na spishi ile ya ngano imeonekana kuweza kungoja hivyo zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo kusema "jua litawamaliza" ni nusu ya ukweli. Jua kali juu ya udongo ulioloweshwa na kufunikwa nailoni huwaua, ndiyo mbinu ya vitalu vya miche. Jua juu ya udongo uliokauka polepole huwalaza tu.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi. Viuatilifu vya nematodi ni kati ya sumu kali zilizowahi kuuzwa kwa mkulima, na mojawapo, methili bromaidi, imeondolewa mashambani chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni. Kwa bei ya gunia la mahindi hesabu haikai. Tena dawa haichagui mdomo: inaua mtobozi wa mizizi pamoja na mwindaji wake, na wa kwanza kurudi ni yule anayetaga mamia kwa mwezi.

Kinachosaidia ni kumnyima chakula mlaji mmoja huku ukiwalisha wengine. Marejea, ile jamii ya kunde yenye maua ya njano iliyoenezwa sana Kusini na wamisionari wa Peramiho, ni mfano mzuri. Minyoofundo hupata shida kuzaliana kwenye mizizi ya jamii yake, na ukiilaza ardhini ikiwa mbichi inawapa wala bakteria karamu. Ufuta, ambao Lindi inaulima kwa ajili ya fedha, huwakatalia baadhi ya minyoofundo lakini si wote. Ukiona haujasaidia usiulaumu ufuta, huenda aina uliyonayo ni ile isiyojali. Mabua ya mtama yaliyoachwa juu ya ardhi badala ya kuchomwa hulisha kuvu, na kuvu hulisha walaji wake. Najua mabua hayo mbuzi wanayataka, na mchwa pia. Nusu yake ikibaki si haba.

Mtu mwenye udadisi anaweza kuwaona mwenyewe bila maabara. Mwaka 1917 daktari Gustav Baermann, akiwa Java, alibuni kifaa cha kutafutia viluwiluwi vya safura kwenye udongo, na hadi leo wataalamu wa mimea wanakitumia kile kile. Kata chupa ya plastiki, geuza sehemu ya shingo iwe kama faneli, kifuniko kikiwa kimefungwa. Tandika kitambaa chepesi au karatasi ya shashi juu ya kipande cha wavu, weka vijiko vichache vya udongo, kisha jaza maji taratibu kutoka pembeni hadi yaguse udongo kwa chini. Acha usiku mmoja, au mbili. Nematodi wanajinyonganyonga kupita kwenye kitambaa, na kwa kuwa hawawezi kuogelea kwenda juu, wanazama shingoni. Fungua kifuniko taratibu, pokea matone ya kwanza kwenye kioo cha saa au kisosi cheusi, na umulike tochi kutoka ubavuni. Kwa kioo cha kukuzia utaona vijinywele vyeupe vikicheza. Wazito na wavivu, wakiwemo baadhi ya wawindaji, hubaki juu, kwa hiyo usidhani umewaona wote.

Kuwatambua ni kazi nyingine. Miili yao inafanana, na anayejua kuwatofautisha kwa mdomo, mkia na umbo la uzazi amekaa miaka kwenye hadubini. Siku hizi vinasaba vinasomwa moja kwa moja kutoka kwenye udongo, lakini mashine hiyo haikai kwenye duka la pembejeo la Ruangwa.

Ukitaka kupeleka sampuli kwa wataalamu, kwa mfano kupitia kwa afisa ugani hadi kituo cha utafiti cha Naliendele, chukua wakati wa kifuku mimea ikiwa hai, si Septemba udongo ukiwa vumbi. Usichimbe katikati ya baka ambako mizizi imekwisha kufa, maana wala mizizi wameshahama. Chimba ukingoni, pale mhindi wa njano unapopakana na wa kijani, kina cha jembe moja, pamoja na mizizi yenyewe. Chukua na udongo wa sehemu nzuri, kwenye mfuko wa pili, ili kuwe na cha kulinganisha. Funga mifuko isikauke, andika jina kwa kalamu isiyofutika, na uiweke kivulini. Ukiifunga nyuma ya pikipiki kwenye jua la saa saba kutoka Tandahimba hadi Mtwara, utafikisha udongo tu.